Wigi saba za jukwaani: kisa cha pasi, maji ya moto na nywele za plastiki

## Usuli

Kikundi cha maigizo katika mji mmoja wa pwani kilikuwa kinaandaa mchezo wenye jini, malkia, wazee wawili na wanawali watatu. Maonyesho yalikuwa tisa, Ijumaa hadi Jumapili kwa wiki tatu mfululizo, kwenye ukumbi wenye mapangaboi na usio na kiyoyozi. Majina, mji na mwaka vimeondolewa, na baadhi ya mambo ya mchezo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Hatua, vipimo na makosa vimeachwa kama vilivyokuwa.

Kikundi kilinunua wigi saba za maigizo, zote bandia, siku kumi na mbili kabla ya onyesho la kwanza. Fedha ya mavazi iliishia hapo, na jambo hili ndilo lililoamua mengi yaliyofuata, kwa kuwa wigi ikiharibika hakukuwa na ya kuweka mahali pake. Kazi ilikabidhiwa watu wawili. Wa kwanza ni mtunza mavazi wa kikundi, anayejua kushona lakini hajawahi kushughulika na nywele. Wa pili ni msusi wa saluni mwenye uzoefu mkubwa wa rasta, kubandika nywele na kutengeneza wigi za nywele za binadamu.

Wigi zenyewe zilikuwa hivi: ya jini, nyeusi, imenyooka, urefu wa sentimita 85, yenye panki, yaani nywele fupi zinazoangukia paji la uso; ya malkia, ya kahawia, inafika chini ya mabega; tatu za wanawali, za mawimbi, zinazogusa mabega; na mbili za wazee, moja nyeupe ya vipilipili na nyingine nyeusi fupi iliyotakiwa kugeuzwa mvi. Zote zilikuja zimekunjwa ndani ya mifuko ya nailoni, na hakuna hata moja iliyokuwa na kitambulisho kinachosema imetengenezwa kwa nyuzi gani.

## Siku nne za mwanzo

Mtunza mavazi alianza kwa kufua. Wigi mpya hutoka na harufu ya kiwandani na mafuta kidogo, hivyo wazo la kuzisafisha halikuwa baya. Tatizo lilikuwa namna. Wigi mbili, ya jini na ile nyeupe ya mzee, ziliingizwa pamoja kwenye beseni la maji ya moto ya birika yaliyopozwa kidogo tu, zikatiwa shampuu ya kawaida na kusuguliwa kwa viganja kama nguo. Kisha zikakamuliwa na kutundikwa juani.

Ile nyeupe ilikauka imenyooka. Vipilipili vyote vilikuwa vimekwenda, na kilichobaki ni kitu kilichofanana na katani. Ya jini ilisokotana kuanzia kisogoni hadi karibu na ncha, fundo moja lenye unene wa mkono.

Siku ya tatu msusi alifika. Aliikuta wigi nyeusi fupi ikisubiri kugeuzwa mvi, akaipaka rangi ya nywele ya saluni aliyoichanganya na oksijeni yake, ile dawa ya kuamshia rangi, akasubiri dakika arobaini na kuisuuza. Rangi yote ilitoka na maji. Hakuna kilichoharibika, ila muda.

Siku ya nne alishika ya jini. Panki lilikuwa limejikunja kwa sababu ya mkunjo wa mfukoni, naye akawasha pasi ya nywele, ile ile anayotumia kwa wigi za nywele za binadamu, ikiwa kwenye sentigredi 190. Alipitisha mara moja upande wa kushoto wa panki. Nywele zilinywea papo hapo, zikafupika hadi kama nusu, zikawa ngumu na kujiviringa kama nyuzi za brashi iliyoungua. Mabaki yaliganda kwenye bati la pasi.

Kazi ilisimamishwa kwa siku nzima, wakakaa chini kujua wana nini mkononi.

## Kutambua nyuzi

Walikata nywele tano hivi kutoka safu ya ndani ya kisogo cha kila wigi, mahali pasipoonekana, wakazisokota pamoja, wakazishika kwa kibano na kuzisogeza kwenye moto wa kiberiti juu ya sahani ya udongo, nje ya nyumba. Jaribio hili ni la zamani na linaeleweka kirahisi. Nywele za binadamu hunuka kama manyoya ya kuku yaliyoungua na kuacha majivu yanayopondeka kwa vidole. Poliesta huyeyuka, hudondoka, huendelea kuwaka hata moto ukiondolewa, na huacha punje ngumu ya mviringo. Modakriliki, plastiki nyingine ya nywele bandia, hunywea kuukimbia moto, huwa nyeusi, na hujizima yenyewe ukiondoa kiberiti. PVC, plastiki ile ile ya mabomba, hujizima pia, ila moshi wake una harufu kali inayochoma pua na haifai kuvutwa.

Wigi ya jini ilionyesha tabia ya modakriliki. Hii ni jamii moja na Kanekalon, nyuzi zinazotengenezwa na kampuni ya Kaneka ya Japani na ambazo jina lake liko kwenye pakiti nyingi za rasta. Ya malkia, tatu za wanawali na ile nyeusi ya mzee zilikuwa poliesta. Nyeupe ya vipilipili ilikuwa PVC.

Moto wa kiberiti hutambulisha aina ya plastiki tu. Hauelezi ni joto gani la kutengenezea mtindo linalofaa, kwa hiyo walifanya jaribio la pili: kishungi chembamba cha kisogoni kilizungushwa kwenye penseli, kikafungwa, kikachovywa sekunde kumi kwenye maji ya sentigredi 60, kikaachwa kipoe kabisa, kisha kikafunguliwa. Kama hakikushika umbo, walirudia kwa 70, halafu kwa 80. Poliesta ilishika vizuri kwenye 75 hadi 80. Ya jini ilishika kwenye 70, ikaachwa hapo.

Hapa ndipo msusi alipoona jambo lililokuwa mbele yake miaka yote. Kila anapomaliza kusuka rasta, huchovya ncha kwenye maji ya moto ili zitulie na zisifumuke, na akitaka mawimbi huzungusha rasta kwenye rola kabla ya kuchovya. Ujuzi wote wa kutengeneza wigi hizi alikuwa nao. Lakini kitu kilipofika mezani kikiwa kimeshonwa kwenye kofia, mkono ulikwenda kwenye vifaa vya wigi za saluni, ambazo ni nywele za binadamu.

## Maamuzi ya kuokoa

### Panki la jini

Nywele ya plastiki iliyoungua hairudi. Hakuna mafuta wala dawa ya kuirudisha, kwa sababu uzi wenyewe umeshanywea na kubadilika umbo. Uamuzi ulikuwa kukata panki lote lililoungua na kushona jingine. Nywele za kushonea zilitoka kwenye wigi yenyewe: safu mbili za chini kabisa za kisogo, kila moja sentimita 14, zilifumuliwa kwa kiwembe kidogo cha mshonaji na kushonewa mbele, nyuma ya ukingo wa kofia, kwa uzi mweusi wa nailoni. Panki lilikatwa wigi ikiwa imevaliwa na mwigizaji mwenyewe, na mkasi ulishikwa wima, ukiingia juu chini. Ukikata plastiki kwa mstari wa kulala, unapata ukingo kama wa ufagio.

Kisogo kikapungua unene, na hilo lilikuwa faida ya pili, maana pale ndipo nywele zinaposokotana zaidi.

### Fundo la sentimita 85

Nywele ya binadamu ina magamba madogo na hupata mafuta ya ngozi. Ya plastiki haina vyote viwili. Ikisuguana na nywele nyingine au na kitambaa hukwaruzika, huvuta umemetuli, na ncha zake hufumuka na kushikana. Dawa yake ni kupunguza msuguano. Walichanganya kijiko kimoja cha kilainishi cha nguo na vijiko kumi vya maji kwenye chupa ya kupulizia. Kilainishi hicho hufunika uzi kwa tabaka jembamba linaloteleza na kuondoa umemetuli. Ukizidisha, nywele hunata na kuvuta vumbi.

Wigi ilibanwa kwenye kichwa cha sponji kwa pini zenye kichwa, ikagawanywa mafungu manane. Kila fungu lilipuliziwa, likashikwa kwa mkono wa kushoto juu ya fundo ili nguvu isifike kwenye mshono, na chanuo la meno mapana likaanza sentimita tano za mwisho, kisha tano za juu yake. Brashi ya nailoni yenye vinundu haikuguswa. Vinundu vile huvuta na kukata. Kazi ilichukua karibu saa tano. Wengi hukata tamaa saa ya pili na kuanzia juu, na hapo fundo hukazwa likawa halifunguki tena.

Baada ya kuchanwa ikatundikwa na kumwagiwa maji ya sentigredi 70 kutoka utosini kushuka, huku mtu wa pili akiifuata kwa chanuo, kisha ikaachwa imening'inia hadi ikauke bila kuguswa. Ilinyooka kuliko ilivyotoka mfukoni.

Kuhusu maji: kipimajoto cha jikoni ndicho cha kuaminika, lakini palipokosekana walitumia hesabu. Lita mbili za maji yanayochemka na lita moja ya maji ya bomba ya pwani, yaliyo karibu sentigredi 28, hutoa takriban 76. Nusu kwa nusu hutoa 64. Beseni baridi hunyonya joto kidogo, hivyo linasuuzwa kwanza kwa maji ya moto.

### Wanawali

Wigi tatu za poliesta zilikuwa na mawimbi yasiyolingana kwa kukunjwa. Zilizungushwa kwenye rola za plastiki za sentimita mbili na nusu, ncha zikiwa zimefunikwa kwa kikaratasi ili zisipinde kombo, zikachovywa kwenye maji ya sentigredi 78 kwa sekunde ishirini, zikachujwa kwa taulo na kuachwa usiku kucha.

Kuacha zipoe ndiyo kazi yenyewe. Poliesta huanza kulegea kati ya sentigredi 70 na 80, mbali sana na joto lake la kuyeyuka ambalo ni karibu 250 hadi 260. Ikilegea, minyororo ya molekuli inaweza kujipanga upya kufuata umbo la rola. Ikipoa, hufungwa katika umbo hilo. Rola ikitolewa nywele zingali vuguvugu, minyororo haijafungwa, na mawimbi hulala kabla ya chakula cha jioni. Wigi moja ilifunguliwa mapema kwa haraka za mwongozaji, ikabidi irudiwe.

### Malkia

Mwongozaji alitaka nywele zilizopanda sentimita 18 juu ya utosi. Mawazo mawili yalijadiliwa: kuzitimua nywele hadi zisimame zenyewe, au kujaza kitu ndani. Kutimua peke yake kungehitaji spreyi nyingi, na wigi isingeweza kuchanwa tena. Walichagua sponji ya godoro iliyochongwa kama yai, ikapakwa rangi ya kahawia na kushonewa kwenye kofia kwa mishono mirefu. Nywele zilipandishwa juu yake fungu kwa fungu, zikatimuliwa sentimita tatu tu karibu na mashina, zikashikwa kwa pini na kupuliziwa spreyi ya kugandisha tabaka jembamba jembamba, kila moja ikikaushwa kwa draya ya hewa baridi. Sponji iliwekwa nyuma kidogo ya utosi. Ikikaa mbele, wigi huteremka kwenye nyusi kila mwigizaji anapoinamisha kichwa, na malkia huyu alikuwa na kazi ya kuinamia watu.

### Mvi

Rangi ya saluni hufanya kazi ndani ya protini ya nywele. Plastiki haina protini wala mlango wa kuingilia, ndiyo maana rangi ilisuuzika yote. Walichukua wino wa akriliki mweupe, wakauzimua kwa spirti kwenye chupa ya kupulizia, wakapulizia ukungu mwepesi kutoka umbali wa mkono mmoja, wakachana kabla haujakauka, na kurudia mara nne. Nywele za kando ya masikio zilipata zaidi, kwa kuwa mvi za watu wengi huanzia huko. Baada ya siku moja wigi ilisuuzwa kwa maji baridi hadi maji yakatoka safi bila rangi, vinginevyo jasho lingeipeleka rangi kwenye kola ya kanzu. Mng'ao wa plastiki chini ya taa ulipunguzwa kwa poda ya mtoto iliyopakwa kwa brashi ya vipodozi na kukung'utwa.

Ile nyeupe ya PVC ilijaribiwa kurudishiwa vipilipili kwa vijiti vya kusukia na maji ya 65. Ilishika upande mmoja na kukataa mwingine. Iliachwa, na mzee wa pili akavaa kofia ya kiua.

## Wakati wa maonyesho

Waigizaji wote walisukwa twende kilioni nyembamba siku ya kwanza, ili pini zipate pa kushika na kichwa kisivimbe chini ya wigi. Kila wigi ilishikwa kwa pini nne: kwenye paji, juu ya kila sikio na kisogoni, zikipitishwa ndani ya mstari wa msuko. Chini ya wigi kulikuwa na kofia nyembamba ya soksi ya kunyonya jasho.

Baada ya kila onyesho kofia ya ndani ilipanguswa kwa kitambaa chenye spirti iliyozimuliwa, wigi ikageuzwa nje ndani na kuwekwa mbele ya feni. Kisogo kilichanwa usiku huo huo. Wigi ya jini ilisukwa msuko mmoja mlegevu kabla ya kuwekwa. Kuoshwa kulifanyika mara moja tu, baada ya wiki ya pili: maji baridi, kifuniko kimoja cha shampuu isiyo kali kwa lita tatu, kuloweka dakika tano bila kusugua, kusuuza, kukandamiza kwa taulo, kukausha kivulini. Ya malkia haikuloweshwa kabisa.

Uamuzi mmoja haukuhusu uzuri. Mchezo ulikuwa na kibatari ambacho malkia alikiinamia. Wigi yake ilikuwa poliesta iliyojaa spreyi, juu ya sponji ya godoro, vitu vitatu ambavyo vyote vinapenda moto. Kibatari kilibadilishwa kwa taa ya betri. Mwongozaji alilalamikia mwanga wake. Mtunza mavazi hakurudi nyuma, naye alikuwa sahihi.

## Matokeo

Wigi sita kati ya saba zilimaliza maonyesho yote tisa. Panki lililoshonwa upya halikutambuliwa na watazamaji wala na waigizaji ambao hawakuambiwa. Mawimbi ya wanawali yalidumu bila kuchovywa tena. Mvi zilipauka kidogo nyuma ya masikio, zikapuliziwa mara moja wiki ya tatu.

Kilichoshindikana zaidi kilikuwa kisogo cha jini. Kufikia onyesho la sita, sentimita 15 za chini ya ukosi zilikuwa zimefumuka na kuwa kama sufi. Vazi lake lilikuwa na kola ya kitambaa cha pamba kilichokakamaa, nayo ilisugua nywele kila alipogeuka. Kola ilifunikwa kwa satini kabla ya onyesho la saba, na uharibifu mpya ukakoma, lakini ule wa zamani ulipunguzwa kwa mkasi tu.

## Uchambuzi

Makosa matatu ya mwanzo, maji ya moto bila rola, rangi ya saluni na pasi, yanaonekana tofauti lakini yana asili moja: plastiki ilichukuliwa kuwa ni nywele. Jaribio la kiberiti na la penseli, yote mawili, yalichukua chini ya saa moja. Yangefanywa siku ya kwanza, wigi ya PVC ingeoshwa kwa maji baridi na mzee wa pili asingehitaji kofia.

Maandishi ya "inastahimili joto" kwenye mifuko ya wigi za poliesta huwapa watu ujasiri wa pasi, na mara nyingi kiwango kinachotajwa ni kati ya 150 na 180. Hata hapo tahadhari inafaa. Kidude cha kuchagulia joto kwenye pasi za bei nafuu hakisemi ukweli, na bati lina sehemu zenye joto kuliko nyingine. Maji hayawezi kupita sentigredi 100 hata mtu akisahau, pasi inaweza. Kwa kikundi kisicho na fedha ya wigi ya pili, sababu hiyo inatosha kuchagua maji.

Uamuzi wa kutumia sponji badala ya kutimua unaonekana mdogo, ila ndio ulioifanya wigi ya malkia itumike tena. Spreyi ilitolewa baadaye kwa spirti iliyopuliziwa na kuachwa dakika kumi, kisha maji baridi, na nywele zikashuka zikiwa nzima.

Linaloweza kubishaniwa ni saa tano za kufungua fundo. Kwa wigi ya bei ndogo inayopatikana dukani, saa hizo hazilipi. Ni afadhali kununua nyingine. Hapa zililipa kwa sababu wigi ya urefu ule isingefika kwa wakati.

Kuhusu kola, hilo lilikuwa kosa la mgawanyo wa kazi. Mshonaji aliamua kitambaa, msusi akaamua nywele, na hakuna aliyevitazama viwili pamoja kwenye shingo ya mtu anayetembea. Mazoezi ya mavazi yalifanyika mara moja, mwigizaji akiwa amekaa apigwe picha. Nusu saa ya kucheza na kugeuka huku wigi ikiwa kichwani ingeonyesha msuguano mapema.

Wigi zimehifadhiwa kila moja ndani ya wavu wake na mfuko wa kitambaa, mbali na dirisha na bila kulundikwa. Ndani ya kila kofia kuna kipande cha utepe kinachotaja aina ya nyuzi, joto la juu la maji na tarehe ya kuoshwa mara ya mwisho. Maandishi yametariziwa, kwa kuwa wino hufutwa na spirti ile ile ya kusafishia jasho.